Milimita 67 za Kidatu

Vijana wa Viwanja Sitini wanaojifunza kutengeneza tovuti hawana haja ya kwenda mbali kutafuta somo la viwango. Somo hilo lipo Kidatu, katika bonde hili hili la Kilombero.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupitia Ifakara, ina upana wa milimita 1,067. Tawi la Reli ya Kati litokalo Kilosa hadi Kidatu lina milimita 1,000. Kwa tofauti hiyo ndogo, behewa la kawaida la reli moja haliwezi kuendelea juu ya nyingine. Shehena ilibidi ishushwe na kupakiwa upya. Kituo cha kuhamishia makontena kilijengwa hapo mwaka 1998.

Mwaka huohuo, huko Marekani, watengenezaji wa tovuti walianzisha Web Standards Project. Netscape na Microsoft zilikuwa zikishindana kwa kuvipa vivinjari vyao amri zisizoeleweka kwingine, na fundi akalazimika kuandika ukurasa mmoja mara mbili. Viwango vilikuwepo: shirika la W3C, lililoasisiwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994, lilikwisha kuvitangaza. Kilichokosekana ni utii.

Hofu yangu kama mwalimu ni kwamba tunafundisha programu, si viwango. Programu ina mwenyewe. Akiibadili au akiifunga, ujuzi wa kijana hufa nayo. Ajuaye HTML na CSS kama zilivyokubaliwa huandika ukurasa unaofunguka hata katika simu ya bei nafuu ya mkulima wa mpunga. Tusiwajengee vijana wetu Kidatu nyingine vichwani mwao.