Neno "Bado"

Nilipofundisha Kiingereza huku Masasi na Newala, neno "yet" liliwasumbua wanafunzi kuliko maneno marefu. Ukimwuliza mmoja kama ana watoto, hasemi "No". Husema "Not yet", hata akiwa mtu mzima wa miaka hamsini. Mwingereza angecheka. Sisi hatucheki, maana tunasikia "bado" yetu ndani yake.

Neno hilo asili yake ni Kiarabu. Misafara ilikwisha kupita huku na Kiswahili cha pwani kabla ya Askofu Edward Steere kuwaleta Masasi watumwa walioachwa huru, mwaka 1876. Baada ya hapo lugha hiyo ikapata kanisa na shule. Nasi tukaipokea pamoja na adabu yake. Kusema "hapana" juu ya ndoa au uzazi ni kama kujiapiza. "Bado" humwachia Mungu nafasi. Hata kitenzi chetu hutofautisha: "hakuja" ni habari iliyokwisha, "hajaja" ni mtu anayengojewa.

Lakini neno hilo lina upande wa pili. Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulitembelea Tanganyika, ukaona kwamba nchi ingeweza kujitawala katika miaka 20 hadi 25. Serikali ya Uingereza ilipinga hata kuwekwa kwa muda huo. Kwa maneno mengine, Watanganyika walikuwa bado. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961, miaka saba tu baadaye.

Na huku Newala tunaijua "bado" ya maji. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Kina mama waliteremka magenge alfajiri kutafuta chemchemi, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mabomba yalipokuja, mara nyingi yalikauka, na mazungumzo kwenye bomba yakawa haya:

"Mama, maji yametoka?"

"Bado, mwanangu."

Basi kuna "bado" ya anayengoja na "bado" ya anayengojesha. Ya kwanza ni subira, nayo ni heshima ya wazee wetu. Ya pili hutumia subira hiyo hiyo ili isiulizwe kitu. Vijana wajifunze kuzitambua zote mbili, na wakiambiwa ile ya pili waulize kwa adabu: bado mpaka lini?