Kabla ya Sheria Kulikuwa na Mwethya

Kuna mtu aliniuliza kwa nini nahangaika na historia ya vikundi vya akina mama kijijini wakati siasa yote iko Nairobi. Nilimjibu kwa kifupi, leo nataka kumjibu kwa kirefu. Kati ya sheria zote ambazo kaunti zetu zimetunga tangu ugatuzi uanze, ninayoiheshimu zaidi ni ile ya Makueni ya mwaka 2015 ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Na ukitaka kuielewa, usianzie kwenye bunge la kaunti pale Wote. Anzia mtoni.

Kwa wale hawajawahi kufika kwetu: mito mingi ya Ukambani ni ya msimu. Mvua ikinyesha mto unafurika siku mbili tatu, halafu unakauka, unabaki mchanga mtupu. Mgeni akipita juu ya daraja anadhani mto umekufa. Kumbe chini ya ule mchanga kuna maji, yamefichwa jua lisiyafikie, na yamechujwa vizuri. Unachimba shimo, unangoja kidogo, unateka. Hata punda wanajua. Watu wakijenga ukuta wa mawe na simiti kukata mto, mchanga unajaa nyuma yake msimu baada ya msimu, na robo au zaidi ya lile rundo lote inaweza kuwa maji. Hilo ndilo bwawa la mchanga.

Kwa hivyo lori likija usiku likapakia mchanga, limebeba tangi la watu. Mwenye gorofa Nairobi anajua amenunua mchanga tu. Huku nyuma mama ameongezewa mwendo na jerikeni mgongoni.

Sasa turudi nyuma kabisa. Mwaka 1938 serikali ya mkoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi mno na ndio wanamaliza udongo. Ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini, wakati uleule ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kilikuwa kinahitaji ng'ombe wa bei rahisi. Muindi Mbingu na Ukamba Members Association wakaongoza zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, kwa miguu hadi Nairobi. Walikaa huko wiki kadhaa wakidai kumwona Gavana Brooke-Popham. Muindi alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla mwaka kuisha serikali ilikuwa imeachana na mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu. (Leo mnapita Muindi Mbingu Street mkienda City Market na hamjui mnakanyaga jina la nani.)

Kitu kimoja hatupendi kusema kuhusu 1938: udongo ulikuwa unaisha kweli. Picha za Machakos za miaka ile, na Makueni ilikuwa bado ndani ya Machakos, zinaonyesha makorongo ya kutisha. Shida haikuwa wazo la kuhifadhi ardhi. Shida ni kwamba lilikuja na askari, na faida ilikuwa inaenda kwa mwingine.

Miaka ya 1950 kazi ileile ilifanyika kwa njia tofauti. Wakamba walikuwa na mwethya tangu zamani: majirani wanakusanyika kwako, wanakulimia au wanakujengea, unawapikia, kesho mnaenda kwa mwingine. Serikali ikaona afadhali itumie mwethya kuchimba matuta ya kuzuia udongo. Bado kulikuwa na kulazimishwa, nisiwadanganye. Lakini mahali watu walijichagulia viongozi wao kazi ilienda, na wengi waliokuwa wanashika jembe walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa wametafuta vibarua mjini. Matuta yale yaliendelea kuchimbwa hata baada ya uhuru, bila mzungu wala askari.

Kutoka hapo mnaelewa mabwawa. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni, upande wa Machakos. Kitui nayo, kuanzia miaka ya 1990, shirika la SASOL likajenga mabwawa ya mchanga kwa mamia pamoja na wanavijiji. Wanavijiji wanabeba mawe na maji, wanachimba, wanakoroga. Mtu akishabeba mawe miezi mitatu kwa ajili ya ukuta ule, hutamwambia mchanga ni wa mwenye lori.

Ndiyo maana miaka ya 2000 mambo yalikuwa moto. Ujenzi Nairobi ulipanda, malori yakaongezeka, vijiji vikaanza kuyazuia. NEMA ilitoa mwongozo wa uvunaji mchanga mwaka 2007, lakini mwongozo hauzuii lori saa nane usiku. Watu waliumizwa, wengine wakauawa. Mwaka 2011 hata afisa wa polisi aliuawa Makueni kwa sababu ya mchanga.

Halafu katiba ya 2010 ikaleta kaunti, na kifungu cha 196 kikasema bunge la kaunti lazima lishirikishe wananchi. Kaunti nyingi zinaweka tangazo gazetini na kuita watu hotelini, basi. Makueni chini ya Kivutha Kibwana ilipanga mikutano kuanzia kijijini, ikapanda hadi makundi ya vijiji, wadi, mpaka kaunti nzima. Ukiangalia vizuri ni mwethya umepewa karatasi.

Na msidhani kulikuwa na amani. Mwaka 2014 MCA na gavana waligombana mpaka risasi zikalia Wote. Wananchi wakaandika ombi la kuvunja serikali yao wenyewe ya kaunti. Kisheria unahitaji saini za asilimia 10 ya wapiga kura. Tume ya Nyaoga ikapendekeza ivunjwe, Rais Uhuru Kenyatta akakataa, Septemba 2015. Katikati ya vurugu hiyo ndipo sheria ya mchanga ikapita, ikaunda mamlaka ya kusimamia mchanga wa kaunti. Mwaka huohuo zikaja kanuni za hazina ya mabadiliko ya tabianchi, zenye kamati za wadi zinazoamua mradi gani uje kwanza. Nadhani MCA walijua kuna jambo moja hawawezi kulichezea hata wakigombana.

Kitui ilienda kwa njia nyingine. Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku makaa na mchanga kutoka nje ya kaunti. Nilifurahi, sikatai. Lakini ilikuwa amri kutoka juu. Lori la makaa likachomwa, na wafanyabiashara wa kaunti nyingine wakaandamana. Ile hazina ya tabianchi, ambayo Kitui ilitungia sheria mwaka huohuo, ilipita kwenye kamati za wadi na haikuchoma lori la mtu.

Halafu kuna vijana wenye mabeleshi, wanaopakia. Nawajua, wengine ni rika langu, na hatuna kazi ya kuwapa. Kwenye mikutano mingi wanatajwa kama wezi tu, ilhali mama zao ndio wako kwenye kikundi cha bwawa. Wakiachwa nje, lori litaendelea kuja usiku, sheria au la.

Sasa ombi. Haya yote yako kwenye madaftari: nani alihudhuria, nani alibeba mawe, nani alitozwa faini kwa kuchelewa. Nyanya yangu, sisi twasema susu, anayo mawili, moja limeliwa na mchwa nusu. Kama mama yako au susu wako alikuwa katibu wa kikundi, mwombe daftari Jumamosi hii, piga picha kila ukurasa kabla mvua haijafika, na uulize majina ambayo hayasomeki.