Waafrika Wawili wa Buenos Aires

Mimi ni katika wale wanaopenda kusoma habari za kandanda pengine kuliko hata kuitazama. Wanangu hunicheka kwa jambo hili. Wao hutaka kujua nani kashinda jana, nami huwasimulia nani alishinda kabla babu yao hajazaliwa. Katika kusoma huko ndipo nilipokutana na kisa kimoja cha mwaka 1916 ambacho hadi leo hakijanitoka moyoni. Nakileta hapa kwa sababu mbili. Kwanza, ni kisa chenye mafunzo. Pili, kinanikumbusha deni langu mwenyewe, ambalo nitalieleza mbele kidogo.

Julai ya mwaka ule dunia ilikuwa vitani. Tarehe 1 Julai majeshi ya Uingereza yalianza shambulio lao kubwa kandokando ya mto Somme, huko Ufaransa, na maelfu kwa maelfu ya vijana wakaanguka siku hiyo moja. Huku kwetu nako vita vilikuwa vimefika. Mwezi huohuo Waingereza waliingia mji wa Tanga na kuutwaa kutoka kwa Wajerumani. Lakini upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, katika mji wa Buenos Aires, watu walikuwa katika sherehe. Argentina ilikuwa inatimiza miaka 100 tangu wajumbe wake walipokutana Tucumán tarehe 9 Julai 1816 na kutangaza kwamba hawako tena chini ya Hispania. Kati ya mambo yaliyopangwa kuipamba sherehe hiyo yalikuwa mashindano ya mpira wa miguu ya timu za taifa. Nchi nne zilishiriki: wenyeji Argentina, pamoja na Uruguay, Brazil na Chile. Mashindano hayo hayakufa. Ndiyo yanayoitwa leo Copa América.

Mpira ulipelekwa Amerika ya Kusini na Waingereza wa reli, wa benki na wa shule. Klabu ya Peñarol ya Montevideo, kwa mfano, chimbuko lake ni klabu ya wafanyakazi wa reli iliyoanzishwa mwaka 1891. Lakini mchezo haukukaa sana mikononi mwa wageni. Watoto wa mitaani na wa bandarini waliupenda, wakaufanya wao. Argentina na Uruguay, zinazotenganishwa na maji ya mto La Plata tu, zilikuwa zimekwisha kuzoeana. Mwaka 1902 Argentina ilikwenda Montevideo ikaichapa Uruguay mabao 6 kwa bila. Basi mwaka 1916 Waruguay walivuka maji wakiwa na hesabu za zamani za kulipa.

Mambo ya siku hizo yalikuwa bado ya kindugu. Kila timu ilicheza na nyingine zote, ushindi ukiwa alama 2 na sare alama 1. Waamuzi walipatikana humohumo miongoni mwa wageni, hata Sidney Pullen, mchezaji wa Brazil, akashika filimbi Argentina ilipoifunga Chile 6 kwa 1, kisha yeye mwenyewe akarudi kuvaa jezi. Watu wa Buenos Aires husimulia pia kwamba siku ya mchezo wa Argentina na Brazil mchezaji mmoja wa Argentina alikosekana, ikabidi aitwe José Laguna wa klabu ya Huracán, aliyekuwa ameketi kwa watazamaji. Laguna akateremka, akavaa, akaingia na kufunga bao la Argentina katika sare ya 1 kwa 1. Nani leo atatoka jukwaani akaingia kuchezea timu ya taifa?

Lakini kisa changu kiko katika mchezo wa kwanza kabisa, tarehe 2 Julai, kati ya Uruguay na Chile. Uruguay ilishinda mabao 4 kwa bila. José Piendibene alifunga mawili, likiwamo la kwanza katika historia ya mashindano hayo. Mawili mengine yalifungwa na kijana aliyekuwa bado hajatimiza miaka 19, jina lake Isabelino Gradín, mshambuliaji wa upande wa kushoto mwenye mbio za ajabu. Nyuma yake, katika safu ya kiungo, alikuwapo Juan Delgado. Wote wawili walikuwa watu weusi.

Kesho yake wajumbe wa Chile walilalamika. Kama vitabu vya historia ya mchezo huo vinavyosimulia, walidai kwamba Uruguay imechezesha "Waafrika wawili", na kwa hiyo matokeo yafutwe.

Msomaji, nilipoyasoma maneno hayo kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje. Gradín alizaliwa mwaka 1897 huko Montevideo. Alikuwa kitukuu cha watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Uruguay mwaka 1842, miaka 55 kabla yeye hajazaliwa. Lugha yake ilikuwa Kihispania, mtaa wake Montevideo, klabu yake Peñarol. Alichokuwa nacho cha Afrika ni rangi ya mwili wake, nayo hakuiomba. Lakini mabao yalipoingia, rangi hiyo ikageuzwa kuwa cheti cha ugeni. Naona ajabu moja hapa. Mtu akicheza vibaya hakuna anayeuliza alikotoka babu yake. Akicheza vizuri, ukoo wake wote hufukuliwa makaburini.

Iko ajabu nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo inahusu uhuru uleule uliokuwa ukisherehekewa. Jenerali José de San Martín alipovuka milima ya Andes mwanzoni mwa mwaka 1817 kwenda kuikomboa Chile, vikosi vya 7 na 8 vya askari wake wa miguu vilijaa watu weusi, watumwa walioahidiwa uhuru wao kwa sharti la kubeba bunduki. Walipigana Chacabuco mwezi Februari 1817. Walipigana tena Maipú mwezi Aprili 1818. Wengi wao hawakurudi makwao. Hivyo, miaka 99 kabla ya malalamiko yale, Waafrika walikuwa wamekwisha kuingia Chile, na hakuna aliyetaka matokeo ya Chacabuco yafutwe.

Malalamiko yalipita kama upepo na mabao 4 yalibaki 4. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba Waruguay hawakumtoa kijana wao ili kutafuta amani. Tarehe 12 Julai walipokutana na Brazil, Gradín alikuwa uwanjani. Brazil ilitangulia kwa bao la Arthur Friedenreich. Gradín akasawazisha, na Tognola akafunga la ushindi, 2 kwa 1. Mchezo wa mwisho, Argentina na Uruguay, ulianza tarehe 16 Julai ukavunjika baada ya dakika chache kwa sababu watu walikuwa wengi kupita kiasi, wakavamia uwanja, na majukwaa ya mbao yakateketezwa kwa moto. Ulirudiwa kesho yake katika uwanja wa Racing, Avellaneda, ukaisha bila bao. Uruguay ikawa bingwa kwa alama 5, Argentina ikapata 4, Brazil 2 na Chile 1. Aliyefunga mabao mengi kuliko wote, mabao 3, ni yule "Mwafrika".

Sasa nifike kwenye deni langu. Nilikulia mkoani Tanga, kijiji kilichopakana na shamba la mkonge. Wenzetu wengi shuleni walikuwa watoto wa manamba, yaani vibarua walioletwa kutoka mbali, wengine kutoka ng'ambo ya mipaka, kuja kukata mkonge. Mwaka 1967 nilikuwa kapteni wa timu ya shule yetu. Mshambuliaji wetu bora alikuwa mmoja wa watoto hao. Alizaliwa palepale kambini, Kiswahili chake kilikuwa sawa na changu, na tulikuwa tukila embe za mti mmoja. Siku ya mchezo wa mwisho wa tarafa wapinzani wetu walimwendea mwalimu wetu wakamwambia kwamba yule si mtu wa hapa, kwao hakujulikani, na akicheza wao hawaingii uwanjani. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alitaka mchezo uchezwe na watu warudi nyumbani salama. Akamwambia rafiki yangu avue jezi.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Wachezaji wote walinitazama mimi. Ningesema neno moja tu, kwamba asipocheza yeye hatuchezi sote, nadhani wangeniunga mkono. Sikulisema. Nilijifanya nafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe nilikuwa nimeazima. Tulishinda siku ile, lakini hadi leo sikumbuki nani alifunga. Ninachokumbuka ni rafiki yangu akiikunja ile jezi vizuri, pande nne, kama inavyokunjwa nguo ya Idi, akaiweka juu ya jiwe. Jioni alinipita njiani akaniambia, "Kapteni, na wewe ulinyamaza." Hakurudi tena mazoezini.

Ndiyo maana nawaheshimu wale Waruguay wa 1916. Sisemi kwamba nchi yao ilikuwa pepo ya watu weusi, maana haikuwa. Gradín mwenyewe, ambaye mwaka 1919 alitwaa pia ubingwa wa Amerika ya Kusini katika mbio za mita 200 na mita 400, na ambaye mshairi Juan Parra del Riego wa Peru alimtungia shairi, alikufa mwaka 1944 akiwa maskini. Sifa haikumjengea nyumba. Majirani zao nao walijikwaa. Friedenreich wa Brazil alikuwa na baba wa asili ya Kijerumani na mama wa asili ya Kiafrika. Mwaka 1919 alifunga bao pekee lililoipa nchi yake ubingwa dhidi ya Uruguay, katika mchezo wa dakika 150 mjini Rio de Janeiro, na mwanamuziki Pixinguinha akatunga muziki wa kulikumbuka bao hilo. Lakini husimuliwa kwamba mwaka 1921 Rais Epitácio Pessoa alitaka timu iendayo Buenos Aires isiwe na weusi, na Friedenreich hakwenda. Taifa lililomshangilia miaka miwili nyuma lilimwona sasa kuwa doa la kufichwa wageni wasilione.

Tumezoea kudhani kwamba taifa hujulikana kwa bendera yake na wimbo wake. Mimi naona hujulikana saa ile mtu mmoja anaponyooshewa kidole na kuambiwa kwamba yeye si wa hapa. Wenzake wakisogea kando, hapo hapana taifa, pana kundi la watu waliovaa nguo za rangi moja. Wakibaki naye, hata wakishindwa mchezo, taifa lipo. Waruguay walibaki na Gradín, na kwa bahati njema walishinda pia.

Rafiki yangu nilikutana naye tena baada ya miaka mingi, katika stendi ya mabasi ya Korogwe, sote tukiwa na mvi. Aliniona yeye kwanza, akaita kwa sauti, "Kapteni!" Tulikumbatiana, tukaulizana hali za watoto, nikamnunulia chai na maandazi. Basi lake lilipopiga honi nilitaka kumwambia lile neno ambalo nilikuwa sikulisema mwaka 1967. Nilichelewa tena. Alikwisha kupanda, akanipungia mkono dirishani akicheka, nami nikabaki nimesimama pale nikiwa na vikombe viwili mkononi.