Shule ya Lyon na Chimbuko la Elimu ya Udaktari wa Mifugo

Hadi katikati ya karne ya 18, tiba ya wanyama nchini Ufaransa ilikuwa mikononi mwa wahunzi waliowapigilia farasi viatu na wachungaji waliotegemea mazoea, na ujuzi wao ulirithiwa na mwana kutoka kwa baba bila kuhojiwa. Udhaifu wa utaratibu huo ulidhihirika kila sotoka, maradhi ya kuambukiza yaliyokuwa yakiua ng'ombe kwa homa kali na kuhara, ilipozuka upya na kuacha mazizi matupu.

Claude Bourgelat, mkuu wa chuo cha upandaji farasi mjini Lyon, alitambua kwamba kilichokosekana ni mafunzo. Kwa msaada wa Henri Bertin, waziri wa fedha wa mfalme, alipata kibali mwezi Agosti 1761, na mapema mwaka 1762 shule yake ikafunguliwa katika iliyokuwa nyumba ya wageni kitongojini La Guillotière.

Thamani ya shule hiyo ilikuwa katika namna ya kufundisha. Mwanafunzi, aghalabu kijana wa shambani asiye na elimu kubwa, aliuchuna mzoga wa farasi na kutenganisha msuli mmoja baada ya mwingine mpaka mfupa ukaonekana. Alijifunza kuitambua mimea ya dawa, kuhudumia wanyama waliolazwa na kufua chuma. Somo la anatomia, yaani elimu ya maumbile ya ndani ya mwili, lilisimamiwa na Honoré Fragonard, ambaye baadhi ya miili aliyoikausha na kuihifadhi ingalipo katika makumbusho ya Alfort, shule ya pili iliyoanzishwa karibu na Paris miaka michache baadaye. Palipozuka maradhi vijijini, wanafunzi walitumwa huko, na hapana shaka kwamba mafunzo yao yaliyo bora zaidi waliyapata zizini.

Hata hivyo, Bourgelat aliandika mwenyewe vitabu vya kufundishia, na wanafunzi wakubwa waliwakaririsha wadogo, hali iliyozaa hatari ya maneno ya mwalimu kuaminiwa kuliko ushahidi wa mzoga. Pamoja na kasoro hiyo, mbegu ilienea: Peter Christian Abildgaard, aliyesoma Lyon, alianzisha shule Copenhagen mwaka 1773, na Peter Hernquist akaanzisha nyingine Skara, Sweden, mwaka 1775.

London ilipata chuo chake mwaka 1791, lakini mkuu wake wa kwanza, Mfaransa Charles Vial de Sainbel, alifariki mwaka 1793. Nafasi yake ilikuja kushikwa na Edward Coleman, mpasuaji wa binadamu asiye na uzoefu wa kutosha wa mifugo, ambaye chini yake mwanafunzi aliweza kuhitimu baada ya miezi michache tu, na hali hiyo, iliyowanyima wafugaji wa Uingereza waganga walioiva, iliendelea kwa miongo kadhaa, kwa kuwa Coleman alishika wadhifa huo mpaka alipofariki mwaka 1839.