Moteri ya zamani ao mpya? Tuulize meli ya Liemba



Katika mkutano ujao tutaamua juu ya moteri ya mashini yetu ya kusaga. Wote mnajua shida yake: inatoa moshi, inakula mafuta, na asubuhi inakataa kuwaka. Wamoja banasema: tuipeleke Lubumbashi, mafundi waifungue yote, waifanye upya. Wengine banasema: tuachane na chuma kizee, tununue moteri mpya ya Chine, ile inafika mu kesi ya mbao, haijaguswa na mtu. Hapa Lukafu mashini ikisimama, bamama wanarudi ku kinu, ao wanabeba mahindi kichwani mpaka kijiji kingine. Kwa hiyo haya si mabishano ya mafundi tu. Ni mabishano ya bukari.

Mbele ya kupiga kura, tunaomba mtusikilize kidogo juu ya historia. Kuko chombo kimoja ambacho kiliulizwa swali hili mara tatu kwa muda wa miaka 70 hivi: meli ya Liemba, kwenye ziwa Tanganyika. Sisi watu wa kurudi tuna sababu ya kuijua. Mwaka 1997, kisha Mobutu kuanguka, HCR iliitumia kurudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma. Wengi wetu tulirudi kwa njia nyingine, kutoka Kala, Mwange ao Meheba kule Zambia, lakini safari ilikuwa ile ile: kufika nyumbani na kuanza upya na vitu vizee.

Liemba yenyewe ilifika mu kesi. Wajerumani waliijenga mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mji wa Papenburg, wakaifungua vipande vipande na kuvipakia katika kesi karibu 5,000. Kesi zilipita baharini mpaka Dar es Salaam, halafu kwa reli mpaka Kigoma. Lakini hawakutuma kesi peke yake. Walituma pia mafundi watatu wa karakana ile, mkubwa wao Anton Rüter, ili kuiunga. Mwezi wa pili 1915 iliingia mu maji, kwa jina la Graf von Götzen.

Mwezi wa saba 1916, askari wa Force Publique kutoka Congo walikuwa wanakaribia Kigoma. Wajerumani walipaswa kukimbia, na hawakutaka meli ichukuliwe. Wakaizamisha wao wenyewe. Lakini mbele ya kuizamisha, mafundi walipakaa moteri zake grisi nzito kila mahali. Walikuwa wanakimbia, na bado walipata wakati wa grisi.

Kisha vita Wabelgiji waliitoa mu maji, lakini mwaka 1920 zoruba ikaizamisha tena. Waingereza waliitoa mwaka 1924, na wakakuta moteri zake za mvuke bado zinafaa. Hapo ndipo swali liliulizwa mara ya kwanza, na jibu likawa: tutumie za zamani. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini ikiitwa Liemba, jina la kale la ziwa. Moteri zile zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970.

Mara ya pili jibu lilibadilika. Katika miaka ile ya 1970, mvuke ulikuwa umeachwa karibu dunia nzima, na ukiacha kutengenezwa, piesi zake nazo zinakwisha. Basi mvuke ukatolewa, dizeli ikaingia. Mara ya tatu ni 1993: kwa msaada wa Denmark, meli ikawekwa tena moteri mpya za dizeli.

Sasa tuhesabu. Moteri za zamani, zilizolala mu maji miaka mingi, zilitumika karibu miaka 50 kisha kutolewa. Dizeli za kwanza, zilizofika mpya, hazikufikisha 20. Hatusemi kwamba kizee kinapita kipya. Tunasema kwamba umri peke yake haujibu swali. Kinachojibu ni mambo matatu: mwili wa moteri uko muzima? Piesi zinapatikana karibu? Na nani ataitunza?

Tuanze na mwili. Moteri yetu iko ya aina ya Lister, ile ya Uingereza ambayo Wahindi wa Rajkot nao waliiga. Ni nzito, inazunguka polepole, kama mara 650 kwa dakika. Mambo yanayokwisha ndani yake, kama segma, pistoni na shemize, yanabadilishwa. Lakini kama bloki imepasuka, ao chuma kikubwa kinachozunguka, ile vilebreke, kimekwisha kuchongwa mara nyingi, kuifanya upya ni kutupa feza. Hilo halijulikani kwa kusikiliza mlio. Linajulikana kwa kuifungua na kuipima.

Piesi: hapo moteri ya Chine ina nguvu. Iko nyepesi, bei yake ni ndogo, na piesi zake zinauzwa ku soko mpaka mu miji midogo. Lakini bei ya kesi haiko bei yote. Moteri ile inazunguka mara 2,200 kwa dakika. Tukiifunga ku mashini yetu bila kubadilisha puli, mashini itakimbia kupita kipimo na itajivunja. Basi tuhesabu pia puli mpya, mkanda, msingi wa simiti, bulo, na usafiri. Vilevile kwa ile ya zamani: kupeleka Lubumbashi, kurudisha, na siku zote mashini itakuwa imesimama.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Mbele ya kura, fundi aifungue moteri, apime bloki na vilebreke, na aandike alichokuta. Bloki ikiwa na ufa, tununue mpya bila kubishana. Ikiwa nzima, tuweke devi mbili mezani, kila moja na gharama zote mpaka unga utoke, halafu tuchague. Kama tunaifanya upya, fundi aandike kila piesi aliyobadilisha, na piesi za zamani zirudi Lukafu tuzione kwa macho.

Inabaki grisi ya Rüter. Moteri yoyote tutakayochagua, mtu mmoja tu awe na ufunguo na kaye ya kuandika masaa ya kazi na siku ya kubadilisha mafuta. Na kwa kila beseni inayosagwa, franka kidogo iwekwe kando kwa mafuta, filtre na segma. Franka hiyo isiguswe kwa kilio wala kwa sikukuu. Tunajua maneno haya yako magumu, kwa sababu kilio hakingoji. Lakini kwa kilio kuko sanduku lingine la chama.

Kwenu wafadhili, tunasema kwa heshima: moteri mpya mu kesi inapigwa picha vizuri, tena ina nafasi ya kuandika jina la aliyetoa. Mafuta na filtre hayana picha. Kama mnataka kutusaidia, mtusaidie tena mwaka wa pili na wa tatu, wakati hakuna kitu kipya cha kuonyesha isipokuwa unga unaotoka kila siku.

Wanamemba, mje na maswali yenu. Ripoti ya fundi itasomwa kwa sauti mbele ya kura, ili na wale wasiojua kusoma waamue wakiwa wanajua.