Mfupa ni Kitu Hai: Namna Watu Walivyopata Kujua Faida ya Michezo ya Watoto

Watu wengi hufikiri kwamba mifupa ni kama miti ya nyumba: ikisha kusimamishwa, kazi yake ni kushika udongo tu, hata siku ile mchwa watakapoila. Kumbe Mwenyezi Mungu hakututilia miti mikavu ndani ya mwili. Mfupa ni kitu hai. Kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa upya, tena unasikia uzito unaouchukua. Wasomaji wapenzi, tunataka kuwaelezea namna watu walivyolivumbua jambo hilo polepole, na kwa nini linawahusu wazazi Wakristu.

Tuanze na Galileo, mtaalamu wa Italia. Mwaka 1638 kitabu chake kilichapishwa mjini Leiden, katika Uholanzi. Humo alilinganisha mifupa ya wanyama wadogo na ya wanyama wakubwa. Alionyesha kwamba mnyama akizidi urefu, mfupa wake lazima uzidi sana kwa unene, la sivyo utavunjika kwa uzito wa mwili wenyewe. Mbwa mdogo, alisema, labda aweza kubeba mgongoni mbwa wawili au watatu walio sawa naye. Lakini farasi hawezi kubeba hata farasi mmoja. Basi ilijulikana kwamba mfupa na mzigo vinapatana. Lakini je, mfupa wa mtu yule yule waweza kubadilika?

Ilipita miaka zaidi ya 200. Mwaka 1866, katika mji wa Zürich, nchi ya Uswisi, mwalimu wa uganga Hermann von Meyer alikuwa akichunguza mfupa wa paja uliopasuliwa. Ndani ya kichwa cha mfupa mna vijiti vyembamba vingi, kama sifongo. Karl Culmann, mwalimu wa ujenzi wa madaraja, alipoviona alishangaa. Vijiti vile vilipangwa kwa mistari kama ile aliyoichora yeye alipopima nguvu zinazopita katika mashine ya kuinulia mizigo. Mfupa ulikuwa umejengwa kwa akili, kila kijiti mahali pa kazi yake.

Halafu akaja Julius Wolff, daktari wa Berlin, Ujerumani, aliyetunza watu wenye viungo vilivyopotoka. Aliona kwamba mfupa uliovunjika ukaunga vibaya hupanga upya vijiti vyake vya ndani, kufuata mzigo mpya. Mwaka 1892 alitoa kitabu chake juu ya sheria hiyo: kazi ya mfupa ikibadilika, na mfupa nao hujibadilisha. Leo tunajua kwamba ndani ya mfupa mna chembe hai zinazojenga, nyingine zinazobomoa, na nyingine zinazosikia mzigo na kuziamsha zile za kwanza.

Ushahidi mkubwa ulitoka mahali ambapo Wolff hangeweza kupafikiri. Watu wanaokaa miezi mingi katika vyombo vya angani hawasikii uzito wa miili yao. Mifupa ya nyonga zao hupoteza karibu 1 kwa 100 ya madini yake kila mwezi, hata kama wanakula vizuri. Chakula peke yake hakitoshi. Mfupa usio na kazi hujidhoofisha.

Na watoto je? Hapo ndipo penye neno lenyewe. Mwaka 1995 wataalamu wa Finland walitangaza walivyopima mikono ya wanawake wanaocheza tenisi. Mkono unaoshika kipigio ulikuwa na mfupa mzito kuliko mwingine. Lakini wale walioanza wakiwa watoto, kabla hawajavunja ungo au wakati ule ule, walipata faida mara 2 hata mara 4 kupita walioanza baadaye. Tena katika jimbo la Saskatchewan, nchi ya Kanada, watoto walipimwa tangu mwaka 1991 kwa miaka mfululizo. Ilionekana kwamba katika miaka 2 tu ya kukua kwa haraka, mtoto hupata karibu robo ya madini yote ya mifupa atakayokuwa nayo akiwa mtu mzima. Waliozoea kucheza na kukimbia walipata zaidi ya wenzao.

Basi utoto ni kama majira ya kupanda. Mvua ikipita, mkulima hawezi kuirudisha.

Mtakatifu Yohane Bosco alifariki mwaka 1888, kabla ya kitabu cha Wolff. Lakini huko Torino aliwapa vijana maskini uwanja wa kuchezea karibu na kanisa, maana alijua kwamba kijana hufunzwa roho na mwili pamoja. Wana wake Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, na uwanja wa michezo wakaja nao.

Leo katika miji yetu nyua ni ndogo, na watoto wengi hukaa kutwa mbele ya picha. Zaidi tunawahurumia wasichana. Kaka yake anapiga mpira. Yeye akiruka nzango au kamba, anaambiwa kwamba amekwisha kuwa mkubwa, akae. Naye ndiye atakayezaa na kunyonyesha, na akizeeka, mifupa yake itadhoofika upesi kuliko ya mwanamume. Tunamnyima akiba saa ile ile ya kuiweka.

Lakini tusikosee: mchezo si utumwa. Ncha za mifupa ya mtoto, pale inapokulia, zingali laini. Magunia ya mawe ya machimbo na mizigo inayozidi nguvu zake huweza kuziumiza. Kuruka, kukimbia, kupanda mlima, kucheza ngoma: hayo ndiyo yanayomfaa. Tena apate jua, sombe, na ndagala anazozila pamoja na miiba yake, maana fundi hajengi pasipo matofali.

Mtakatifu Paulo anatufundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kwa hiyo, enyi wazazi, jioni mkisikia watoto wanaruka na kupiga makofi nje, msiwaite upesi, wala msiwaite wasichana kwanza. Hekalu linajengwa.