Dorothy wa Kitabuni na Dorothy wa Sinema

Tarehe 21 Juni 1985 kampuni ya Walt Disney ilianza kuonyesha katika majumba ya sinema ya Marekani picha iitwayo Return to Oz, yaani safari ya kurudi Oz. Picha hiyo ilikuwa imegharimu kiasi cha dola milioni 28. Mauzo ya tiketi nchini humo yaliishia kwenye dola milioni 11 hivi. Wazazi walilalamika kwamba watoto wao wametishwa, wahakiki wengi wakasema ni picha ya kiza na majonzi, na mtu aliyeiongoza hakuongoza tena picha nyingine ya hadithi baada ya hiyo. Lawama zote ukizikamua, linabaki neno moja tu: hii si Oz yetu.

Sasa, Oz ya nani? Hapo ndipo penye mazungumzo yetu ya juma hili.

Tuanze na mwenye hadithi. Lyman Frank Baum alikuwa Mmarekani aliyepita kazi nyingi kabla ya kutulia kwenye moja. Alifuga kuku wa mashindano, na kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1886, kilihusu kuku hao. Akajaribu maigizo, akafungua duka, akaendesha gazeti, akatembeza vyombo vya kauri mji hadi mji. Mwaka 1900, huko Chicago, akatoa The Wonderful Wizard of Oz. Ni hadithi ya Dorothy, binti mdogo wa Kansas, anayebebwa na kimbunga pamoja na nyumba yao hadi nchi ya Oz, ambako anafuatana na sanamu la kutishia ndege, mkata kuni wa bati na simba mwoga. Miguuni amevaa viatu vya fedha, na ndivyo vinavyomrudisha nyumbani. Naomba msikilizaji uviweke moyoni viatu hivyo, maana tutavihitaji baadaye.

Kitabu kilipendwa mno. Mwaka 1902 kikafanyiwa mchezo wa jukwaani Chicago, na mwaka uliofuata mchezo ukahamia New York. Huo haukuwa mchezo wa watoto. Ulijaa nyimbo na mizaha ya wakubwa, na nyota wake walikuwa wachekeshaji wawili, David Montgomery na Fred Stone, waliocheza mtu wa bati na sanamu la shambani. Kwa hiyo miaka miwili tu baada ya kitabu kutoka, tayari palikuwa na Oz mbili mjini, na kila moja ilikuwa na wapenzi wake.

Baum akapata barua nyingi za watoto wakitaka habari zaidi za mtu wa bati na mwenzake. Mwenyewe ameeleza kwamba alimwahidi mtoto mmoja wa kike kuwa siku wasichana elfu moja watakapomwandikia barua elfu moja, ataandika kitabu cha pili. Barua zikaja, naye mwaka 1904 akatoa The Marvelous Land of Oz. Lakini angalia alivyofanya. Kitabu alikitunukia wale wachekeshaji wawili, akawapa watu wao nafasi kubwa, na Dorothy hakumtia kabisa! Ni wazi jicho moja lilikuwa kwa watoto na la pili kwenye jukwaa. Mchezo alioutoa katika kitabu hicho mwaka 1905 ulifungwa baada ya wiki chache. Watoto nao wakaendelea kuandika, safari hii wakimtaka Dorothy. Baum akasalimu amri, na mwaka 1907 akamrudisha katika Ozma of Oz.

Sisi wenye utamaduni wa kusimuliana hatuwezi kulishangaa hilo. Mtambaji wa ngano husema paukwa, na haendelei mpaka ajibiwe pakawa. Tofauti ni kwamba hadhira ya kwenye mkeka ikichukia jambo husema papo hapo, na msimulizi akageuza njia usiku huo huo. Mwandishi wa vitabu hungoja posta. Mtengeneza sinema yeye hupewa jibu baada ya fedha zote kwisha.

Na Baum alizimaliza kweli. Mwaka 1908 alizunguka miji na onyesho lililochanganya sinema fupi, picha za kupakwa rangi na okestra, naye mwenyewe akisimama jukwaani akisimulia mambo ya Oz kutoka katika vitabu vyake. Onyesho hilo liliitwa Fairylogue and Radio-Plays. Sisi watu wa redio tusijivune upesi. Neno hilo la redio halikuhusu matangazo, ambayo hayakuwapo bado, bali namna ya kupaka rangi zile picha. Watu walikuja na walifurahi, lakini gharama zilipita mapato, na mwaka 1911 mtunzi huyo akatangazwa kuwa amefilisika.

Kati ya hayo alijaribu kuifunga hadithi. Katika kitabu cha sita, cha mwaka 1910, aliifanya Oz isionekane tena na walimwengu, akasema mawasiliano yamekatika. Akaandika habari nyingine, hazikununuliwa sana. Mwaka 1913 akarejea kwa hila ambayo mimi naipenda kupita zote: alieleza kuwa mtoto mmoja alimshauri aulize kama Oz inaweza kupatikana kwa simu isiyo na waya. Basi akawaambia wasomaji kuwa amejaribu, na Oz imejibu. Teknolojia iliyozaa kazi hii yetu ndiyo iliyoifungua tena nchi ya Oz.

Mwaka uliofuata, 1914, Baum na wenzake wakaanzisha kampuni ya filamu huko Los Angeles na kuanza na kitabu hicho hicho cha 1913, The Patchwork Girl of Oz, habari za msichana wa viraka aliyetiwa uhai. Watu wazima waliitazama wakaona ni mambo ya kitoto, na wenye majumba ya sinema wakapoteza hamu. Kufikia mwaka 1915 kampuni haikuwa na nguvu tena. Baum alifariki mwezi Mei 1919, akiwa ameandika vitabu 14 vya Oz, cha mwisho kikichapwa mwaka 1920. Huyo ndiye mwenye mali, na hata yeye, alipoipeleka hadithi yake kwenye sinema, hadhira haikumfuata.

Ndipo tunafika mwaka 1939. Kampuni ya MGM ikatoa The Wizard of Oz, Judy Garland akiwa Dorothy. Mabadiliko yalikuwa mengi, lakini mawili yana uzito kwa habari yetu. La kwanza ni viatu. Rangi katika sinema ilikuwa jambo la kuonyeshwa kwa fahari, na fedha haing'ari mbele ya rangi kama wekundu. Basi viatu vya fedha vikawa vya yakuti nyekundu. La pili ni kubwa zaidi. Katika vitabu vya Baum, Oz ni nchi ya kweli kabisa, hata katika kitabu cha sita Dorothy anahamia huko moja kwa moja na mjomba na shangazi yake. Sinema iliifanya Oz kuwa ndoto. Dorothy anaamka kitandani, anasisitiza kuwa alikokwenda ni mahali pa kweli, na wakubwa waliomzunguka wanatabasamu kama watabasamuvyo wakubwa.

Ni vema kukumbuka kwamba picha hiyo, inayosifiwa leo kote duniani, haikurudisha gharama zake katika maonyesho ya kwanza. Kilichoifikisha ilipo ni televisheni. Shirika la CBS liliirusha mara ya kwanza tarehe 3 Novemba 1956, na kuanzia 1959 ikawa desturi ya kila mwaka. Familia nzima ilikaa sebuleni usiku mmoja uliojulikana, kama watu wanavyongoja sikukuu. Kizazi kizima cha Wamarekani kilijifunza Oz hivyo. Vitabu vya Baum vilivyofuata kile cha kwanza vilibaki kwa wachache waliovitafuta.

Mmoja wa wachache hao alikuwa Walter Murch, aliyevipenda vitabu hivyo tangu utotoni. Katika ulimwengu wa sinema Murch ni mtu wa sauti na uhariri, na alipata tuzo ya Oscar kwa kazi yake ya sauti katika Apocalypse Now ya mwaka 1979. Kampuni ya Disney nayo ilikuwa imenunua haki za vitabu vya Oz tangu mwaka 1954 bila kuvifanyia sinema ya maana, na muda wa haki hizo ulikuwa ukiyoyoma. Wakakutana mwenye hamu na mwenye mali. Kazi ilifanyika Uingereza, na haikuwa rahisi. Murch alichelewa, akaondolewa kazini katikati ya kupiga picha, na akarudishwa baada ya rafiki yake George Lucas kumsimamia.

Alichounganisha ni kitabu cha 1904 na cha 1907. Kuku anayesema, mtu wa shaba anayetiwa ufunguo kama saa, mtu mwenye kichwa cha boga, watu wenye magurudumu badala ya viganja na nyayo, mwanamke anayebadilisha vichwa kama wengine wanavyobadilisha kofia, mfalme wa chini ya miamba anayewageuza watu kuwa mapambo ya nyumba: wote hao walitoka kwa Baum. Hata Dorothy mwenyewe, msichana Fairuza Balk wa miaka kama 10, alikaribia zaidi mtoto wa kitabuni kuliko Garland aliyekuwa na miaka 16. Nyimbo hazikuwamo. Na watazamaji waliokuja wakitaka nyimbo wakapokewa na mlio wa magurudumu yale katika mji uliobomoka.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Si kila kitisho kilitoka kitabuni. Mji wa Zumaridi kuwa magofu na wakazi wake kuwa mawe ni ubunifu wa sinema. Na sehemu iliyolaumiwa kuliko zote, mwanzo wake, haimo katika kitabu chochote cha Baum: Dorothy halali usiku, kila mara anazungumzia Oz, basi shangazi yake anampeleka kwa daktari mwenye mashine ya umeme, naye analazwa kitandani na kufungwa mikanda ili umeme upitishwe kichwani. Mzazi aliyemleta mtoto wa miaka 6 kuona jambo hilo chini ya jina la Disney alikuwa na haki ya kunung'unika. Sibishani naye.

Lakini jiulize kwa nini mashine ile iliwekwa. Baum hakuihitaji. Kwake Dorothy huanguka baharini katika dhoruba akiwa na kuku, akaibukia nchi ya ajabu, basi, na nyumbani hakuna anayemdhania kuwa ana kichaa. Ni sinema ya 1939 iliyosema Oz ni ndoto. Ukitaka kumrudisha Dorothy mbele ya watu walioamini ni ndoto, huwezi kukwepa swali la jamaa zake watamfanyaje mtoto anayeshikilia kuwa ndoto yake ni nchi. Kwa maoni yangu Murch alilijibu swali hilo kwa ukweli kupita kiasi. Hadhira ikaona aibu ya kukumbushwa yale matabasamu ya kando ya kitanda, maana ilikuwa imetabasamu pamoja na wakubwa wale kila mwaka tangu 1959. Na kwa watu wa magurudumu na wale vichwa vya kubadilisha, walilaumiwa isivyo haki. Wao walikuwa wenyeji wa Oz kabla Judy Garland hajazaliwa.

Kuna kichekesho kingine ndani yake. Murch, pamoja na upenzi wake wote wa kitabu, hakuthubutu kumvisha Dorothy viatu vya fedha. Wekundu ule ulikuwa mali ya MGM, siyo ya Baum, na Disney ikalipa ili kuutumia. Alijua watazamaji wasipoviona vyekundu hawatakubali kuwa ndivyo. Kwa hiyo hata picha iliyoshitakiwa kwa kuisaliti sinema ya zamani ililipia ruhusa ya kuifuata.

Baadaye watoto waliofungiwa sebuleni na kaseti ya video ya Return to Oz walikua, na wengi wao wakaitetea kwa nguvu. Waliikuta peke yao, bila mzazi kando anayengoja wimbo. Mwaka 2013 Disney ilirudi na picha nyingine ya Oz, safari hii habari za ujana wa yule mchawi, nayo ikaingiza mamia ya mamilioni ya dola. Haki za picha ya 1939 zilikuwa mikononi mwa Warner Bros., na viatu vyekundu havikuonekana humo hata kidogo.

Jozi mojawapo ya viatu alivyovaa Garland iliibwa mwaka 2005 katika jumba la makumbusho yake huko Minnesota, ikapatikana mwaka 2018, na mwezi Desemba 2024 ikapigwa mnada. Dola za 1985 na za 2024 hazilingani thamani, nalijua hilo. Ila nyundo ya dalali iligonga kwenye dola milioni 28, kabla ya ada, kiasi kile kile kilichotengeneza picha nzima ya Walter Murch.